Anayeumwa kwa Niaba Yangu

Kabla ya kufumwa nilikuwa naamka kwa mafungu. Shingo ilitangulia, mabega yakafuata, kisha kiuno, na magoti yalikuja mwisho yakiwa yamenuna. Ukiwa na miaka sitini na saba, na arobaini kati ya hiyo umeitumia kuangushwa sakafuni na watu wazima wenye akili zao, mwili hauna sababu ya kukuheshimu. Nikiwa kijana niliumwa kesho yake tu, keshokutwa nimesahau. Uzeeni maumivu yaliacha kuhesabu siku. Yalihamia kwangu, yakaleta na vyombo.

Nilijaribu kila nililoambiwa. Nililala kwenye maji ya barafu, na Iringa mwezi wa sita maji ya bomba yenyewe ni barafu tosha. Nilichuliwa na mama mmoja wa Kihesa mwenye vidole kama koleo. Nilipumzika wiki tatu nzima, nikarudi ukumbini, nikafundisha saa moja tu, na kesho yake nikashindwa kuinua kikombe cha chai. Mwalimu wa judo asiyeweza kuinua kikombe! Wanafunzi walinionea huruma, na huruma ya wanafunzi inauma kuliko nyonga.

Basi mwezi wa tatu nikaenda kufumwa, kule kliniki ya mlimani.

Daktari Lulu Mwakatobe alinieleza huku sindano za ufumaji, nyembamba kuliko unywele, zikitembea zenyewe mgongoni mwangu. "Msuli ukifanya kazi unachanika, Sensei. Vichaniko vidogo sana. Hayo ndiyo maumivu ya kesho yake. Kijana anavishona upesi, wewe unachelewa, kwa hiyo unachanika juu ya mchaniko. Sasa, kila uzi ninaokuwekea una pacha wake kwingine, kwenye chanzo. Mmoja akichanika, mwenzake anachukua sehemu kubwa ya huo mchaniko. Chanzo hakina kazi nyingine duniani isipokuwa kupona. Kinapona, na kupona kwake kunarudi kwako."

"Na chanzo ni kitu gani?"

"Ni tishu hai. Inatunzwa vizuri sana."

Nilifikiria chupa. Chupa kubwa yenye maji ya rangi ya waridi na kinyama ndani yake. Mtu akitaka kufikiria chupa, hakuna atakayemzuia. Nikaweka dole gumba, nikaenda nyumbani.

Ilipofika mwezi wa sita nilikuwa nawaangusha watu wa miaka thelathini. Asubuhi niliamka mzima mzima, kwa mkupuo mmoja. Niliimba nikiwa bafuni, na mimi siyo mtu wa kuimba.

*

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa ukumbini, ghala la zamani la alizeti pale Ipogolo, mimi na Ditram Nyaulingo. Ditram ni msaidizi wangu, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mwenye shingo nene na sauti ndogo. Anafundisha kurusha na kuanguka. Kabali hafundishi. Ikifika zamu ya kabali hukumbuka kuwa ana dharura.

Nilimrusha kwa nyonga, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alianguka vizuri, akakaa, akacheka.

"Sensei, kisigino."

"Kisigino cha nani?"

"Chako. Cha kushoto. Umekiinua kabla hujageuka."

Nilidhani ananichokoza. Kwa miaka arobaini nimekuwa nikipiga kelele ya neno hilo. Ukiingia kurusha kwa nyonga, nyayo zote zishike tatami, ule mkeka wa mazoezi, mpaka umegeuka. Ukiinua kisigino mapema umemtumia mpinzani barua. Nikakiamuru kioo cha ukutani kirudishe tulichofanya. Kioo kile kinahifadhi kila kinachopita mbele yake. Nikajiona kwa nyuma, mzee mwenye kipara na mkanda uliochakaa, na kisigino changu cha kushoto kinanyanyuka, halafu ncha ya mguu inajisugua kidogo kwa nje, kama mtu anayezima kipande cha sigara.

Nikarudia mbele ya kioo, polepole, nikiulazimisha mguu utulie. Ukanyanyuka. Ukajisugua.

Iringa nzima aliyekuwa na kosa hilo alikuwa mtu mmoja. Nilimkosoa miaka minane kwa maneno, kwa fimbo ya mwanzi, kwa kumfungia kisigino plasta sakafuni. Hakuacha.

Ditram alikuwa amekaa chini, kicheko kimeisha. "Huyo ni Vaileth," alisema.

Ni lazima niseme habari za Vaileth Kikoti hapa hapa, maana nikiziahirisha sitazisema.

Miaka tisa iliyopita alikuwa anafanya mtihani wa mkanda mweusi katika ukumbi ule ule. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kwetu kuna sheria moja ambayo ni mama wa zote: ukipigwa kabali na umeshindwa, unapiga mkono mara mbili, popote mkono ulipo, sakafuni au mwilini mwa mwenzako. Aliyekukaba anaachia hapo hapo. Haulizi kwa nini, hasemi subiri. Bila sheria hiyo judo ingekuwa mauaji tu yenye sare.

Lakini mimi nilikuwa na mdomo. Anayepiga mkono mapema nilimkejeli mbele ya wote: "Huyo anapiga mkono au anabisha hodi?" Ukumbi mzima ulicheka. Wanafunzi wangu walisifika mikoani kwa kutopiga mkono, na mimi nilivimba kichwa.

Siku ile Ditram ndiye aliyemkaba. Vaileth akapiga mkono. Nikaona amewahi, nikaona bado ana sekunde kumi ndani yake, nikasema, "Endelea." Ditram akanitazama, akaendelea. Alipoachia, Vaileth alikuwa amekwenda alikokwenda, na bado yuko huko, anapumua bila kuamka.

Kwa mama yake, kwa polisi, kwa chama cha judo, nilisema hakupiga mkono. Nilisema binti alikuwa jasiri kupita kiasi. Watu wakamsifu. Chama kilimpelekea nishani ya ushujaa, na mimi ndiye niliyeitundika juu ya kitanda chake kwa mikono yangu.

"Kwa hiyo chanzo ulichonisimulia ni yeye. Kupona kwake kumekuja na mwendo wake," alisema Ditram.

"Huna hakika."

"Sensei. Mguu huo naujua. Umenipiga chini mara ngapi?" Alisimama akafunga mkanda wake upya, jambo analofanya akikosa la kufanya. "Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Ningeweza kuachia mwenyewe. Lakini ulisema endelea."

 Nilikwenda kuoga, na sikuimba.

*

Jumatatu baada ya mazoezi ya asubuhi nilikaa mezani na uji wangu. Mkono wa kulia ulikuwa umepumzika kando ya bakuli. Ukapiga meza. Mara mbili, kwa kiganja kilicho wazi, kwa nguvu ya wastani.

Niliutazama. Mtetemo wa uzeeni naufahamu, ninao kwenye kidole gumba cha kushoto. Huu haukuwa huo. Ukapiga tena, mara mbili, na uji ukacheza bakulini.

Nikaamua kufanya utafiti wangu, mimi nisiyemaliza kidato cha nne. Nilichuchumaa na kusimama mara kumi. Kiganja kikapiga paja, pa, pa. Nikakaa kimya nusu saa, hakikupiga. Nikanyanyua ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto hadi usawa wa kifua, kikapiga beseni lililokuwa karibu. Nikaiweka ndoo chini, kikatulia. Kila nilipojichosha, kilipiga. Nilipoacha, kiliacha.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote tangu siku ile. Nilikaa jikoni mchana kutwa bila kujitikisa, nikipumua kidogokidogo, kama mtu aliyejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwili haukuniuma popote, na hilo ndilo lililonichefua. Nilijua sasa aliyekuwa anaumwa.

*

"Siruhusiwi kutaja chanzo cha mtu," alisema Daktari Mwakatobe.

"Nitakitaja mimi. Vaileth Kikoti."

Akafunga mlango wa ofisi. Siyo mtu mbaya yule. Ni mtu anayeamini kazi yake, na watu wa namna hiyo hawakawii kukukosea kwa nia njema.

"Nyuzi hushika vizuri pale miili yote miwili imezoea mwendo mmoja," alisema. "Mfumo ulitafuta mwili uliofanya mazoezi kama yako, kwa miaka mingi, kwa mtindo huo huo. Na Iringa ina ukumbi mmoja wa judo, Sensei."

"Mama yake anajua?"

"Alikubali mwenyewe. Nilimwambia binti yake ataponya mtu. Akasema afadhali awe na kazi kuliko kulala bure."

Nikamweleza habari za mkono. Nilitegemea aseme ni mishipa tu. Badala yake aliinuka, akaniuliza ni mara ngapi, kwa kiganja au kwa vidole, tangu lini. Akawasha ukuta. Mistari ikapanda, mstari wa mwezi wa tatu ukiwa bapa, wa mwezi wa nne una vilima, wa wiki hii una milima.

"Huu ni ubongo wake. Miaka tisa ulikuwa kama ziwa. Unaona? Mazoezi yako yanamfikia. Kila unapojichosha, anapanda kidogo."

"Anaamka?"

"Huenda. Ukiendelea, tena ukiongeza nguvu, kwa mwaka mmoja au miwili, huenda akafumbua macho. Huenda pia ni mwili tu unaoteseka bila mwenyewe kuwepo. Sina namna ya kutofautisha. Ukiacha, nadhani atarudi kimya." Akanitazama. "Nimeshamwambia mama yake kuwa kuna dalili. Amesema mpokeaji aendelee, yeyote yule. Mwenyewe yuko wodini sasa."

Fikiria nafasi niliyopewa. Niendelee kuwa mzima, niangushe vijana, niamke nikiimba, na bado niitwe mwokozi. Kila mtu alitaka niendelee. Daktari alitaka, mama alitaka, magoti yangu yalitaka sana. Aliyesema acha alikuwa mmoja tu, na njia yake ya kusema hivyo tulikuwa tunaielewa watu wawili duniani, mimi na Ditram.

*

Mama Vaileth alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimpaka mwanawe mafuta miguuni. Anaitwa Elida, lakini miaka yote nimemwita kwa jina la mtoto. Aliponiona alisimama kwa heshima, mikono ikiwa bado na mafuta.

"Kamwene, Sensei."

"Kamwene, Mama Vaileth. Kaa tu, usisumbuke."

"Umepungua uzee, baba. Unatembea kama kijana."

Nikamwambia palepale, kabla sijapata ujanja. Nilimwambia kuwa anayepona kwa mwili wa binti yake ni mimi. Alijishika kifuani. Nilitegemea hasira, nikaona machozi, na yalikuwa ya furaha, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Kumbe ni wewe! Mungu hakosei anuani. Amerudi kwa mwalimu wake." Akamgeukia mwanawe. "Umesikia, mama? Ni Sensei wako."

Vaileth alikuwa amelala chali, nywele zimesukwa vizuri, mwanamke wa miaka thelathini na moja sasa. Mikono imejikunja kidogo kwenye viwiko. Nishani ilikuwa juu yake, imefutwa vumbi.

"Daktari anasema ukifanya mazoezi anajibu," alisema Mama Vaileth. "Fanya hapa nione. Nakuomba. Sijawahi kuona."

Nilichuchumaa. Nilisimama. Sikufika hata mara tano. Mkono wa kulia wa Vaileth ulinyooka kwa shida, ukanyanyuka inchi moja, ukapiga godoro mara mbili. Mkono wangu nao ukapiga paja langu, wakati uleule.

Mama yake aliangua kilio. Akaubusu mkono ule. "Anabisha hodi! Sensei, mwanangu anabisha hodi! Yuko mlangoni. Fanya tena, baba. Usiache. Fanya tena."

Nilibaki nimesimama. Hilo la kubisha hodi lilikuwa neno langu la kejeli. Yule mama hakujua lilitoka kwa nani kwanza. Ningeweza kuliacha vile. Lilikuwa neno zuri kwake, alilitamka kwa mapenzi, na labda hata lilikuwa kweli. Daktari alikuwa ameingia nyuma yetu na kibao chake cha vipimo, akisubiri nifanye tena.

"Hapana," nilisema. "Habishi hodi."

"Anafanya nini basi? Mimi sijui judo. Nieleze."

"Anapiga mkono. Maana yake, nimeshindwa, niachie. Ni sheria yetu. Mtu akipiga mkono unaachia, huulizi."

Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Alikuwa anafikiri. Mama Vaileth ni mkulima wa nyanya kule Ilula, amezoea kukagua tenga mpaka chini, hadanganywi na nyanya nzuri za juu.

"Sheria hiyo Vaileth aliijua?"

"Aliijua."

"Basi kwa nini siku ile hakupiga? Ulisema hakupiga. Miaka tisa nalala na swali hilo. Nimemlaumu mwanangu kwa ubishi wake. Nimemgombeza akiwa amelala hapo."

"Alipiga, Mama Vaileth."

 Nje mtu alikuwa anaburuta toroli.

"Alipiga, na mimi nikasema endelea. Ditram alinitii mimi. Nilidhani amekata tamaa mapema. Baadaye nikakudanganya."

"Mara ngapi?"

"Nini?"

"Alipiga mara ngapi?"

Ningeweza kusema mbili. Sheria inasema mbili, angeamini. "Mara mbili. Kisha mara mbili tena. Halafu mara moja."

Alikaa kwenye kigoda chake. Alikaa muda mrefu akiutazama mkono wa mwanawe, na mimi nilisimama kwa sababu sikuwa na haki ya kukaa. Kisha akapanda juu ya kigoda, akaichomoa nishani msumarini, akaitia ndani ya ndoo ya takataka. Hakuitupa kwa hasira. Aliitia tu, kama ganda la ndizi.

"Daktari," alisema, "hizo nyuzi. Maumivu yanatoka kwa huyu yanakwenda kwa mwanangu. Zinaweza kugeuzwa?"

Daktari Mwakatobe alishusha kibao chake. "Uzi hauna mbele wala nyuma. Ni sisi tunaouelekeza. Lakini hakuna aliyewahi kuomba."

"Zikigeuzwa?"

"Mwili wa Vaileth una miaka tisa ya kitanda. Viungo vimekakamaa, misuli imesinyaa, kuna vidonda vya kulalia. Hayo yote yataanza kwenda kwa Sensei, na yeye ndiye atakayekuwa chanzo, mwenye kazi ya kupona. Itabidi alale. Chanzo hakitembei." Akaniangalia kana kwamba anaomba radhi. "Sijui Vaileth ataamka au hataamka. Ila kama yumo humo ndani, ataacha kuumia."

"Kwa muda gani?"

"Sensei ana miaka sitini na saba. Atapona polepole. Siwezi kusema muda."

Mama Vaileth hakuniuliza kama nataka. Hakunitazama hata kidogo. "Zigeuzeni," alisema.

"Mama, lazima akubali mwenyewe..."

Nilikuwa nimeshainama kufungua kamba za viatu. Nisijisifu. Fundo lilinishinda mara mbili, na niliupima mlango kwa jicho. Ulikuwa hatua sita, na kwa miguu niliyokuwa nayo siku ile ningezimaliza kwa sekunde mbili. Nilifikiria kuamka kwa mafungu. Nilifikiria kutoamka kabisa. Kando ya kitanda cha Vaileth, chini ya dirisha, palikuwa na kitanda kitupu kilichotandikwa vizuri, na juu yake blanketi mbili zimekunjwa. Nikapanda. Nikaweka dole gumba kwenye kibao cha daktari.

"Mwambieni Ditram ukumbi ni wake," nilisema. "Na afundishe kabali. Aanze na kupiga mkono. Wiki nzima wapige mkono tu."

Daktari akanifunika blanketi zote mbili, maana upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapenya dirishani, kisha akaanza kazi yake kwenye kibao. Haikuchukua muda. Maumivu yalianzia kwenye visigino, mahali ambapo mtu aliyelala chali hugusa godoro, yakapanda nyuma ya mapaja, yakakaa mgongoni. Hayakufanana na maumivu yoyote niliyoyajua. Haya hayakutokana na kazi yoyote. Yalikuwa ya kulala na kutogeuzwa, ya kungoja. Viwiko vyangu vikaanza kujikunja vyenyewe.

Niligeuza shingo wakati bado inageuka. Mkono wa Vaileth ulikuwa juu ya shuka, umenyooka, vidole vimelegea. Kifua kilipanda na kushuka. Macho yamefumba kama yalivyokuwa. Mama yake aliushika ule mkono, akaukunja, akaukunjua. Ulimfuata bila kukataa. Akatoa sauti moja ndogo, nusu yake kilio.

Kisha akaja kwenye kitanda changu. Nilidhani atanipiga kofi, na kwa sekunde moja ya ujinga nilidhani atanisogezea mto. Ningepokea lolote. Alishika blanketi zangu kwa mikono miwili, moja baada ya nyingine, akazivuta, akazikung'uta, akaenda kumfunika nazo mwanawe hadi shingoni na kuzipachika chini ya nyayo zake. Baridi ikanipata miguuni, na sikuweza kuikunja.

Akasogeza kigoda, akanipa mgongo, akaendelea kumpaka Vaileth mafuta.